Mtoto aliyesoma "same" kama jina la mji

Ijumaa moja ya Oktoba 2023, katika maegesho ya magari ya kanisa moja la kaunti ya Tarrant, Texas, mama mwenzangu aliyekuwa amewafundisha watoto wa miaka sita kusoma siku hiyo alinivuta kando na kunieleza, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kwamba ingefaa mwanangu apimwe na mtaalamu kwa kuwa alimwona ana dalili za disleksia, tatizo linalomfanya mtu apate shida kujifunza kusoma. Alikuwa na karatasi mkononi. Katika maneno ishirini ya Kiingereza aliyompa mtoto asome, kumi na moja yalikuwa yamewekewa alama ya kosa. Niliipokea karatasi, nikashukuru, nikamfunga mtoto mkanda wa gari, na sikuifungua tena hadi usiku, kwa sababu nilijua kwamba nikiisoma palepale nitalia mbele ya watu.

Kisa ninachokichambua ni hicho: mzazi amemsomesha mtoto nyumbani kwa mwaka mzima, ameridhika na kazi yake, kisha wiki ya tano baada ya kujiunga na ushirika wa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, anaambiwa kwamba mtoto hasomi. Nimechelewa kukiandika kwa kuwa nilitaka kwanza kuelewa ni nani kati yetu wawili aliyekosea. Jibu nililolipata ni kwamba sote wawili tulikosea, na kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake.

Nianze na jinsi tulivyofika kwenye maegesho yale. Binti yetu wa kwanza aliingia shule ya serikali hapa Texas akiwa na miaka mitano, akizungumza Kiswahili cha nyumbani bila kubabaika. Alipofika miaka saba alikuwa anamwelewa bibi yake lakini anamjibu kwa Kiingereza, na alipofika tisa alikuwa anaona haya hata kumwamkia kwenye simu. Siwalaumu walimu wake, ambao walimfundisha vizuri na kumpenda. Lugha ya nyumbani iliondoka tu, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Mdogo wake alipokaribia umri wa kuanza shule, mimi na baba yake tuliamua kwamba huyu atajifunza kusoma kwa Kiswahili kwanza, na kwamba mahali pekee panapoweza kufanyika jambo hilo katika mji tunaokaa ni mezani kwetu.

Ipo sababu ya pili, ambayo siisemi kwa fahari. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na wakati huo nilikuwa nafanya usiku tatu kwa wiki, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu na huwa nyumbani kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu mchana. Ratiba hiyo ilifanya mchana wa katikati ya wiki uwe wangu na wa mtoto, bila kumlipa mtu wa kumtunza. Mzazi anayesema kwamba alichagua kusomeshea nyumbani kwa ajili ya falsafa peke yake, bila hesabu ya fedha na saa, huenda anasema kweli, lakini mimi sijakutana naye.

Msomaji wa Tanzania huenda akajiuliza kama jambo hili linaruhusiwa. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria, na mzazi anayezembea anaweza kujikuta akiulizwa na mtendaji wa kijiji. Texas ilipita njia nyingine. Mwaka 1981 mamlaka ya elimu ya jimbo ilitoa msimamo kwamba kusomesha mtoto nyumbani hakuhesabiki kuwa shule binafsi, na wazazi wapatao 150 wakashtakiwa kwa utoro wa watoto wao. Mwaka 1985 baadhi ya familia zilifungua kesi inayojulikana kwa jina la Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington, mji ambao umo katika kaunti hiihii ninayokaa. Mahakama ya wilaya iliyoisikiliza iliwapa ushindi mwaka 1987, na Mahakama ya Juu ya Texas ikathibitisha uamuzi huo mwaka 1994. Tangu hapo mzazi anatakiwa kuwa na mtaala halisi unaoonekana, iwe kwa vitabu au kwa kompyuta, unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, na auendeshe kwa nia njema. Basi. Hakuna mtihani wa jimbo, hakuna cheti cha ualimu, hakuna idadi ya saa, wala hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Umri wa lazima huanza miaka sita, kwa hiyo katika mwaka wetu wa kwanza mtoto akiwa na mitano hata sheria hiyo nyepesi haikuwa imetufikia.

Wenyeji huuita uhuru huo baraka, na mimi niliufurahia. Sikutambua kwamba kwa mtu wa tabia yangu una hatari yake, kwani mtu asiyeulizwa na yeyote huacha taratibu kujiuliza mwenyewe.

Mwaka wa kwanza ulianza Agosti 2022. Nilikata karatasi za manila kuwa kadi na kuandika silabi kama mama yangu alivyoniandikia: ba, be, bi, bo, bu, ka, ke, ki, ko, ku. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Same, mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE, waliofundishwa kazi haraka vijijini baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 wa kuwapeleka watoto wote shule, na alifundisha darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haimdanganyi mtoto, mwanangu aliunganisha "ba" na "ta" akapata "bata" kabla ya mwezi wa pili kwisha, na kufikia Krismasi alikuwa akikipitia kitabu kidogo cha hadithi kutoka jalada hadi jalada kwa sauti kubwa, akinyoosha kidole chini ya kila mstari.

Kwenye hesabu mambo yalikwenda vizuri zaidi, na hapa naomba niwe na majivuno kidogo. Tulihesabu kwa visoda nilivyokuwa nimevikusanya kwenye sherehe za Watanzania wa hapa, kumi kumi katika vikombe. Lugha yenyewe ilifanya nusu ya kazi, kwa sababu mtoto anayesema "kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu" tayari anasikia kikombe kimoja kilichojaa na visoda vinavyobaki nje, ilhali Kiingereza kina majina ya pekee ya kumi na moja na kumi na mbili ambayo hayamwonyeshi mtoto kikombe chochote. Faida hiyo hufifia kwenye ishirini, thelathini na arobaini, majina tuliyoyapata kwa Waarabu, lakini kufikia hapo mtoto alikuwa ameshashika wazo la makumi na mamoja.

Katika mwaka huo wote sikuandika chochote. Sikuwa na daftari la maendeleo, wala tarehe, wala orodha ya maneno aliyoyaweza na yaliyomshinda. Mtu aliponiuliza mtoto anaendeleaje, nilisema anasoma.

Tulijiunga na ushirika Septemba 2023, alipotimiza sita. Nilikuwa nimeona upweke wake: alikuwa anacheza na watoto wawili tu, mmoja akiwa dada yake. Nilitaka pia Kiingereza chake kifundishwe na wenye lugha, ili mimi nibaki na Kiswahili. Ushirika wenyewe ulikuwa na familia ishirini na nne, zilizokutana kila Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana katika madarasa ya kanisa. Ada ilikuwa dola 120 kwa familia kwa muhula, pamoja na fedha kidogo za vifaa. Tulijaza fomu, tulikubali rekodi zetu za uhalifu zikaguliwe kwa kuwa kila mzazi angekaa na watoto wa wengine, na tuliweka saini kwenye tamko la imani. Jirani yangu Mzanzibari, aliyekuwa na mtoto wa umri uleule na hamu ileile, alilisoma tamko hilo na kunirudishia fomu kwa tabasamu, kwa kuwa Mwislamu hawezi kutia saini maneno yale. Viko vikundi vingine visivyouliza dini, lakini kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa mwendo wa karibu saa nzima kwa gari. Niliendelea bila yeye, na jambo hilo bado linanikera.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya kujiunga, nalo lilikuwa kosa la kuelewa. Nilidhani nanunua masomo ya siku moja kwa dola 120. Lakini ushirika wa namna hii hauuzi masomo. Kwetu Upareni kuna msaragambo, ambapo kijiji kizima hutoka kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na hakuna anayeulizwa amelipa kiasi gani, bali yuko wapi na jembe lake liko wapi. Ushirika ni msaragambo. Mzazi hamwachi mtoto na kuondoka. Anakaa mpaka mwisho, anapangiwa kufundisha au kusaidia, anapangiwa zamu ya kufagia na kufunga meza, na kila chumba lazima kiwe na watu wazima wawili. Muhula wa kwanza mimi nilipangiwa chumba cha watoto wachanga, ili mama zao wapate nafasi ya kufundisha wakubwa. Kwa hiyo nilikaa saa tano kila Ijumaa katika jengo moja na mwanangu bila kumwona akisomeshwa hata mara moja. Tena walipojua kwamba ni muuguzi, kila aliyetokwa damu puani aliletwa kwangu.

Gharama ya kweli, basi, haikuwa ile ada. Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa nalala mchana kabla ya kuingia kazini usiku. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naanza zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili nikiwa macho tangu alfajiri, na muuguzi anayepima dawa akiwa katika hali hiyo ni hatari kwa wagonjwa wake. Wiki ya nne niliomba kuondolewa usiku wa Ijumaa. Nilipata ruhusa, na nikapoteza theluthi moja ya mshahara wangu. Mzazi anayefikiria kujiunga na ushirika aihesabu siku ile, pamoja na usingizi wake, kabla hajaihesabu ada.

Ndivyo hali ilivyokuwa nilipokabidhiwa karatasi: nimechoka, nimepungukiwa fedha, na naambiwa kwamba mtoto ana ugonjwa.

Usiku ule niliifungua. Mama yule alikuwa makini. Mbele ya kila neno lililokosewa aliandika sauti aliyoisikia kwa kadiri ya sikio lake. Kundi la kwanza lilikuwa na maneno matano, na nilipolitazama nilicheka peke yangu jikoni. Neno la Kiingereza lenye maana ya "sawasawa", linaloandikwa "same", mwanangu alilisoma "Same", mji wa bibi yake, na mama yule aliniambia baadaye kwamba alilisema kwa furaha na kutaka kuendelea na hadithi. Neno la mlingoti, "pole", alilisoma kama tunavyompa pole mgonjwa. Neno la rafiki, "mate", lilikuwa mate ya mdomoni. "Tone" lilikuwa tone la maji. Na tiara, ambayo kwa Kiingereza ni "kite", aliitamka kama kite anachokipiga mtu mwenye uchungu. Mtoto hakukosea kusoma hata neno moja kati ya hayo. Alisoma sawasawa, ila katika lugha nyingine.

Kama ningeishia hapo, kisa kingekuwa kitamu na mimi ningekuwa mshindi. Lakini yalibaki maneno sita, na hayo hayakuchekesha. "Stop" alilisoma "sitopu". "Milk" likawa "miliki", "desk" likawa "desiki", "ship" likawa "shipi", "hand" likawa "handi", na "bus", nadhani kwa mshangao wa mwalimu, likawa "busu". Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloishia kwa irabu, na mwanangu aliyapa yote irabu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho karatasi ilikuwa inajaribu kuniambia. Kwa mwaka mzima nilimfundisha kwamba "bu" ni kitu kimoja, picha moja, sauti moja. Hakujua kwamba ndani yake mna sauti mbili zinazoweza kuachana. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo katika vitabu vyetu udhaifu huo haukuwa na mahali pa kuonekana. Konsonanti iliyosimama peke yake mwishoni mwa neno alikuwa hajawahi kukutana nayo.

Jumatatu nilimpigia mama simu ya video na kumweleza. Nilitarajia aungane nami dhidi ya Waamerika. Aliitikia shikamoo ya mjukuu wake, akaniomba nimsogeze mtoto karibu, kisha akamwambia afungue kile kitabu cha hadithi na asome. Mtoto alisoma ukurasa mzima kwa madaha. Bibi akamwambia asome sasa mstari wa mwisho kwanza, neno la mwisho kwanza, akirudi nyuma. Mtoto alikwama. Baada ya hapo bibi aliandika kwa kalamu nene, akionyesha kwenye kamera neno mojamoja: "mbwa", "nywele", "mwezi", "ng'ombe", "kwangu". Alipata moja tu, "mwezi", na hilo kwa kubahatisha.

"Mwanangu," mama aliniambia, mtoto akiwa ameshaondoka, "huyu hasomi, anaimba. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya themanini, na aliyekuwa anaimba nilimjua kwa wiki mbili. Wewe una mmoja."

Katika uchambuzi wa kisa hiki, hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi. Mama wa ushirika alikosea jina la tatizo, kwa sababu hakuijua lugha ambayo mtoto alikuwa anaisoma. Hakuwa na namna ya kujua, na hakuniuliza kabla ya kuhitimisha. Lakini aliona kwa nusu saa kitu ambacho mimi sikukiona kwa miezi kumi na miwili, nacho ni kwamba mtoto anashindwa mahali fulani pale pale kila mara. Bibi alikiona kwa dakika kumi. Kinachowaunganisha hawa wawili, wasioweza hata kusalimiana, ni kwamba kila mmoja alimpa mtoto maneno ambayo mtoto hakuwa ameyazoea, akatazama matokeo. Mimi nilikuwa nampa maneno aliyoyajua na kufurahi. Sheria ya Texas haikuniomba ushahidi, mume wangu hakuniomba, na mimi mwenyewe sikujiomba. Ushirika, ambao nilijiunga nao nikitafuta marafiki na Kiingereza, ndio ulioniletea mkaguzi, tena mkaguzi asiye na mamlaka yoyote juu yangu, aliyejua kwamba ningeweza kuondoka na kutorudi, na bado akasema.

Kuhusu kumpima, niliamua kungoja. Si kwamba nilipuuza. Nilizungumza na daktari wake wa watoto, tukakubaliana kwamba tumfundishe kwa mpangilio kwa miezi mitano, tuweke kumbukumbu, na kama makosa ya aina ileile hayapungui tumpeleke. Mzazi mwenye mtoto anayeonyesha dalili nyingine, kama vile kuchelewa sana kusema au kuwa na ndugu wa karibu mwenye tatizo hilo, hana sababu ya kungoja kama mimi nilivyongoja.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Dakika ishirini kila asubuhi isipokuwa Jumapili na Jumatatu, siku ninazotoka kazini, tulicheza mchezo ambao mtoto aliuita "kula mkia". Mimi nasema "bata", yeye anakula irabu ya mwisho na kunirudishia kilichobaki, "bat", ambalo kwa Kiingereza ni popo. "Hati" ikawa kofia. "Pini" ikabaki pini ileile, jambo lililomchekesha sana. "Tini" ikawa kopo la bati, na "kata" iliyoliwa mkia ikalia kama paka wa Kiingereza, ingawa paka huyo anaandikwa kwa herufi nyingine, na hilo nalo likawa somo. Kwa njia hiyo alisikia kwa sikio lake kwamba konsonanti inaweza kubaki peke yake na isife. Baada ya Krismasi tulirudi kwenye lile kundi la kwanza, nikamwonyesha kwamba Waingereza wana irabu bubu: ile "e" ya mwisho wa "same" haisemi kitu yenyewe, inakaa pale kubadilisha sauti ya irabu iliyo nyuma yake. Alikubali, lakini aliniuliza kwa nini mtu aandike herufi asiyoitaka, na sikuwa na jibu la maana. Upande wa Kiswahili bibi alishika zamu ya "mbwa" na "nywele", mara mbili kwa wiki kwa simu, jioni ya kwetu iwe alfajiri ya kwake.

Nilinunua pia daftari la kurasa mia. Kila Alhamisi niliandika tarehe, maneno kumi mapya ambayo mtoto hajawahi kuyaona, matano ya kila lugha, na kile hasa alichokitamka. Kila mwisho wa mwezi nilirekodi sauti yake kwenye simu akisoma ukurasa mgeni. Novemba, kati ya maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa konsonanti, aliongeza irabu kwenye mengi. Februari aliongeza kwenye machache, na zaidi akiwa amechoka. Machi sikuona tena kosa hilo kwenye maneno mafupi. Nilimpelekea yule mama nakala za kurasa hizo. Alizisoma zote, akaniuliza maswali ya kweli kuhusu silabi zetu, akaomba radhi kwa kutumia jina la ugonjwa mapema. Nami nilimwomba radhi kwa mambo niliyokuwa nimeyasema juu yake jikoni kwangu, ambayo hakuyajua na sikuyarudia.

Januari kulikuwa na tukio dogo linaloonyesha kilichobadilika. Darasa lilikuwa likijifunza kusoma saa ya ukutani, na mwanangu, akiona mshale mfupi kwenye nane na mrefu juu kabisa, alijibu kwamba ni saa mbili. Alirudia hivyo kwa kila swali, akitofautiana na saa ya ukutani kwa saa sita kamili bila kukosea hata mara moja. Safari hii mama yule hakuweka alama yoyote. Alikuja hadi chumba nilichokuwa na kuniuliza, "Kwenu saa huhesabiwaje?" Nilimweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama, na saa ya kwanza ya mchana ni saa moja. Alirudi darasani akaligeuza kuwa somo la watoto wote. Muhula wa pili nilitolewa kwenye chumba cha wachanga na kupewa somo la ramani kwa watoto wa miaka minane hadi kumi.

Sitaki kuuchora ushirika kama mahali pa raha. Februari mama aliyekuwa akifundisha sayansi kwa watoto wakubwa alipata kazi ya kutwa na kuondoka wiki hiyohiyo, na somo lake likafa kwa sababu hakuna mkataba unaomzuia mtu wala fedha za kumwajiri mwingine. Familia mbili zilikuja kila wiki na kuondoka kabla ya kufagia, na manung'uniko juu yao yalikula muda mwingi wa mikutano kuliko mtaala. Mimi mwenyewe niliwahi kuleta kashata za karanga kwa watoto thelathini bila kusoma ukurasa wa sheria unaopiga marufuku karanga, na ilibidi zikusanywe moja moja kutoka mezani kabla ya kumfikia mtoto ambaye zingemdhuru. Kazi ya kusomesha nyumbani, kwa upande wake, haikupungua hata kidogo kwa sababu ya ile Ijumaa. Iliongezeka, kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kuulizia.

Mei 2024 tulikaa mezani, mimi na mume wangu, tukaamua kubaki mwaka mwingine. Tuliandika masharti yetu wenyewe: siku moja tu kwa wiki hata wakifungua ya pili, daftari liendelee, na mmoja wetu awe chumba kimoja na mtoto angalau muhula mmoja kwa mwaka. Usiku wa Ijumaa sijaurudisha kazini, na bajeti yetu inaonyesha.

Jambo moja halijatulia. Mtoto sasa anasoma Kiingereza kwa kasi na anakipenda. Vitabu anavyojichukulia mwenyewe maktaba ni vya Kiingereza, na kwenye daftari safu ya Kiswahili ndiyo inayosogea polepole. Juni, bibi alimtumia picha aliyopigwa stendi, akiwa amesimama mbele ya basi lenye jina la mji limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo cha mbele. Alimpigia simu na kumtaka asome limeandikwa nini. Mtoto aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, akasoma "Same" kwa sauti ya Kiingereza, ile "e" ya mwisho ikiwa bubu kabisa.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akamwambia asome tena.